Shimo Mbele ya Nyumba ya Mjomba

Asubuhi ile bakuli la uji lilinitoka mikononi. Halikuteleza, maana lilikuwa kavu kwa nje, wala halikuwa la moto kiasi cha kuniunguza. Vifundo vya mikono viliachia tu, vyote viwili, kama kamba iliyooza. Uji ukanimwagikia mapajani, na kwa kuwa mapaja yangu hayasikii kitu tangu nilipoanguka, niliutazama unavyotiririka kama unammwagikia mtu mwingine. Mke wangu alikuja mbio na kitambaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwaza mtu.

Niliyemwaza alikuwa mjomba wa mke wangu. Najaribu kuyaandika mambo haya kwa haki, na kila nikifika kwake kalamu inakuwa nzito. Nilisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni, basi, na sijui kama mtu wa darasa la nne anaweza kumpima mwenzake asimpunje. Nitaandika yaliyo upande wake na yaliyo upande wangu, na mahali nisipojua nitasema sijui.

Kwetu huku juu Newala mwanamume akioa huhamia kwa watu wa mke. Hulima kwao, hujenga kwao, na mwenye neno la mwisho pale si baba wa mke bali mjomba wake. Mkwe anayefanya kazi hukaa. Asiyefanya kazi huanza kuulizwa habari za kwao, wazima? Hawajambo? Mbona huendi kuwaona? Akiulizwa mara nyingi, huelewa.

Nilianguka nikiezeka nyumba ya mama mkwe wangu. Mjomba ndiye aliyeishika ngazi. Nasema aliishika, wapo wanaosema aliiachia kidogo ili afukuze mbuzi. Mwenyewe anasema ngazi haikutikisika, boriti ndiyo iliyovunjika, na ni kweli boriti ilikutwa imevunjika. Ila boriti huvunjika pia mtu anapoiangukia. Hilo sikulisema kwa sauti, nililala nalo. Na ili niwe wa haki niandike na hili: waliponiweka kwenye kitanda cha kamba kunipeleka kwenye lori, yeye alishika upande wa kichwa, upande wenye uzito, na hakubadilishana na mtu mpaka barabarani.

Jembe likawa limekwisha kwangu. Nikabaki na cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha mpini kwa mkono wa kulia, nikawa nashona barazani kwa Mhindi mwenye duka. Nilishona kanzu, magauni ya kitenge, na kaptura za kaki za matarishi wa Boma, maana ilikuwa bado enzi ya Mwingereza na Boma lilipenda kaptura zenye marinda yaliyonyooka. Kwa cherehani hiyo nilikula, wanangu walikula, na hakuna aliyeniuliza habari za kwetu. Mikono ndiyo iliyoniweka pale. Nilijua hivyo, na mjomba alijua.

Mwanzoni nilibebwa kwenda barazani, nimekalishwa kwenye kibebeo cha baiskeli, miguu imefungwa isiingie kwenye spoki. Kisha hospitali ya misheni kule chini Masasi ikanipa kiti cha magurudumu. Ni neno refu. Watu wa kijijini walikiita gari, nami nikawa mwenye gari, mtu wa pekee pale zaidi ya Bwana DC wa Boma, kama walivyonitania. Kilikuwa na magurudumu mawili makubwa kama ya baiskeli, na kila gurudumu lina pete ya chuma pembeni, ya kushika na kusukumia.

Sista aliyekuwa akituangalia hospitalini alikuwa Mwingereza mrefu, aliyesema Kiswahili cha Unguja, safi kuliko changu. Alinifundishia kwenye baraza ya saruji.

"Fundi, unalishika gurudumu kama unamkaba mwizi," akaniambia.

"Nisipolishika litanikimbia, Sista."

"Halikimbii. Lisukume kwa kitako cha kiganja. Kifundo kinyooke, kisipinde. Sukuma kwa kirefu, kisha uache mkono ushuke wenyewe upumzike. Na ukitaka kusimama, anza kupunguza mapema, ubane taratibu. Usikamate kwa ghafla."

Nikafanya. Kweli, kiti kilikwenda kama kinateleza. Akaniagiza nijaze upepo matairi yawe magumu, nikae nyuma kabisa ya kiti, nishone glavu za kuzuia malengelenge, na kila asubuhi kabla jua halijawa kali nijisukume mwenyewe kutoka nyumbani mpaka dukani. Alisema kifua changu kimeanza kusinyaa kwa kukaa, na mazoezi ndiyo dawa. Kugeuka alinifundisha pia, mkono mmoja unavuta nyuma, mwingine unasukuma mbele. Kwenye saruji ile kugeuka kulikuwa kama kugeuza ufunguo uliotiwa mafuta. Hatukukawia hapo.

Mwisho akanishika mikono yote miwili, akaibonyeza bonyeza penye vifundo.

"Hii sasa ndiyo miguu yako," akasema. "Ikiharibika sina mingine ya kukupa. Nikiona kiti kinakuharibu mikono, nitakichukua. Kuna mtu Lukuledi amelala kitandani anakingoja."

Nilirudi nyumbani juu ya lori nikimshuku huyo mtu wa Lukuledi. Nilijisemea, hayupo, ametungwa ili niogope. Wazungu wa hospitali hupenda kumtisha mtu kwa jambo zuri.

Glavu nilizishona kwa kipande cha turubai, nikatia ngozi ya kiatu kikuukuu penye kiganja. Siku ya kwanza kutoka nazo, mwanamke aliyekuwa akitoka bondeni na ndoo yake kichwani alisimama akanitazama.

"Fundi, umefunika nini mikononi?"

"Glavu, mama."

"Za nini? Unakwenda kuiba asali?"

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinauliza asali nimeiweka wapi.

Sasa nieleze njia ilivyokuwa, kwa sababu yote yalitokea njiani. Udongo wa huku juu ni mchanga, mwekundu na laini, na penye kupitwa sana huwa kama unga. Kutoka kwangu mpaka dukani njia imenyooka kupita nyumba za watu wa mke wangu, kisha inapinda kwenye shamba la mihogo, ndipo inaingia barabara kubwa. Nyumba ya mjomba ilikuwa kabla ya kufika kwenye pindo, mkono wa kushoto ukielekea dukani. Kila asubuhi alikuwa pale mlangoni kwenye kigoda, jembe mapajani, anatia tupa kulinoa.

Kwetu mtu wa baiskeli akimkuta mkwe wake hushuka. Hapiti juu ya baiskeli akimpungia mkono kama karani. Hushuka, huvua kofia, humwelekea, hupiga makofi ya taratibu viganja vikiwa vimekunjwa, ndipo husalimu. Mimi kushuka siwezi. Hakuna aliyeniagiza nifanyeje, nilijitungia mwenyewe. Nikifika mbele ya mjomba nilikamata magurudumu, nikakigeuza kiti mpaka tukatazamana uso kwa uso, nikavua glavu, nikapiga makofi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Gari limeamka?"

"Limeamka, mjomba."

"Na mwenyewe?"

"Na mwenyewe ameamka."

Kisha alirudi kwenye tupa yake, ikakwaruza. Halafu, bila kuinua macho: "Leo unapeleka nini huko?"

"Nakwenda kushona tu, mjomba."

"Kushona tu," akarudia, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi asiouamini.

Nikageuka tena, nikavaa glavu, nikaondoka. Na nyuma yangu nilisikia tupa imeacha kukwaruza. Alikuwa ananitazama. Sikuwahi kugeuza kichwa kuhakikisha, lakini mtu aliyekaziwa macho mgongoni hujua.

Mama mkwe, kwa upande wake, tangu siku ya kwanza ya gari alinifanyia wema nisiousahau. Kwa desturi ni mimi ninayepaswa kumpisha njia. Akiniona kwa mbali nakuja alikuwa akiingia mwenyewe kwenye mihogo, akajifanya anatazama majani, mpaka nipite. Hatukuwahi kulizungumza.

Maumivu yalianza kama wadudu wanaotembea ndani ya vifundo. Kisha yakawa kama uzi wa moto, kutoka kwenye kidole gumba mpaka katikati ya mkono. Mpini wa cherehani ukawa mzito. Mhindi aliniambia marinda ya kaptura yamepinda, nami nikamwambia ni kitambaa. Haikuwa kitambaa.

Nilianza kuchunguza, kwa haki kadiri nilivyoweza. Kama ni cherehani, mkono wa kulia ndio ungeuma, maana ndio unaozungusha. Lakini wa kushoto uliuma zaidi. Kama ni kujiinua kutoka kitandani, mbona niliumwa nikifika dukani na si nikiamka? Nikakaa nyumbani siku chache bila kutoka, maumivu yakapoa. Nikatoka, kwenye mchanga ule mnyoofu nilikwenda vizuri, sukuma kwa kirefu, mkono ushuke, sukuma kwa kirefu. Nikafika kwa mjomba, nikasalimu. Nilipoondoka pale, mkono wa kushoto ulikuwa unawaka moto.

Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Mbele ya nyumba yake, si kabla.

Mtu mwenye akili angesema ni kusukuma kiti. Mimi nilisema: mbona hospitalini nasukuma na siumwi? Na mbona njia nzima siumwi mpaka pale? Nikaikumbuka ngazi. Nikakumbuka "kushona tu." Nikawaza kwamba mkwe asiye na miguu bado anashona, lakini mkwe asiye na mikono hurudishwa kwao, na mwanamke akaozwa mwingine mwenye jembe. Hesabu ilitimia vizuri mno, na ilipaswa kunitia shaka kwa jinsi ilivyotimia. Lakini sikuona hivyo wakati ule.

Bakuli lilipomwagika, nikapanda lori kwenda Masasi. Sista aliitazama mikono, imevimba, akakunja uso.

"Zunguka baraza," akasema.

Nikazunguka. Nikazunguka tena. Kiti kilikwenda kama maji.

"Inauma?"

"Hapa haiumi, Sista."

"Unasukuma vizuri. Kifundo kimenyooka. Basi nyumbani unafanya jambo ambalo huniambii." Akaniinamia. "Unabeba magunia mapajani? Unashindana na watu wa baiskeli?"

"Mimi, Sista? Nishindane na baiskeli?"

"Sijui. Nakuuliza wewe."

Aliniudhi, lakini naandika kwamba alikuwa na haki ya kushuku. Alichokiona pale na nilichomweleza havikupatana. Kwa nini sikumtajia mjomba? Kwa sababu mambo ya uchawi hayasemwi hospitalini. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu akakuhesabu kuwa ni uongo.

Akaniambia niloweke vifundo katika maji ya baridi asubuhi na jioni, na siku za maumivu makali nipumzike kabisa. Kisha akasema bila kupandisha sauti: "Lori la mwezi ujao uje. Ukija na uvimbe huu, kiti kinabaki hapa."

Maji ya baridi ya kulowekea mikono! Aliyesema hayo alikuwa chini Masasi. Huku juu kwetu maji hayapo. Yapo bondeni, chini ya mteremko, na wanawake huyafuata alfajiri wakapanda nayo kichwani wakihema. Nilimweleza mke wangu agizo hilo nikitazama pembeni.

"Kuloweka?" akasema. "Maji yangu?"

"Sista ndiye aliyesema."

"Huyo Sista amewahi kupanda na ndoo huo mteremko?"

Lakini jioni aliniletea karai. Nikaloweka. Nilipomaliza akanawishia watoto miguu kwa maji hayo hayo, kisha yaliyobaki akawapa kuku.

"Wenyewe ndio waseme kama yana dawa," akasema.

Mke wangu ndiye aliyenitajia shimo. Alikuwa anatoka bondeni asubuhi, jua linachomoza na kila alama ya njiani ina kivuli chake. Akatua ndoo, akanifuata uani.

"Baba watoto, umewahi kuitazama njia yako?"

"Ina nini?"

"Kutoka hapa ni mistari miwili imenyooka, mizuri, kama imepigwa kwa kamba. Ikifika mbele kwa mjomba, imevurugika. Pana shimo."

"Shimo?"

"Shimo. Kuku anaweza kutagia humo."

Nilisikia baridi mgongoni, sehemu ile ya juu ambayo bado inasikia. Nikamwambia yote niliyokuwa nikiyawaza. Alisikiliza ameshika kiuno. Huyo ni mjomba wake, amemlea, sikutegemea akubali. Hakukubali wala hakukataa.

"Kama kuna kitu kimefukiwa," akasema, "kitaonekana. Na kama hakuna, utaacha kunikoromea usiku. Twende na jembe."

Tukangoja mjomba aende shamba. Mke wangu akanisukuma yeye mwenyewe, mimi nimeweka mikono mapajani. Shimo nililiona kweli. Mviringo mpana, mchanga umetifuliwa, na katikati pameingia ndani. Nilishangaa kwamba nilipita hapo kila siku na sikuliona, lakini mtu aliye kwenye kiti hawezi kuona kilicho chini ya magurudumu yake mwenyewe. Mke wangu akapiga jembe. Mchanga. Akapiga tena. Mchanga. Alitoa mzizi mmoja na kipande cha chungu, vyote nikaviomba nivione kwa karibu, nikavigeuza geuza.

"Mnachimba nini mlangoni kwangu?"

Mjomba alikuwa nyuma yetu. Alikuwa amesahau tupa yake, ndiyo aliyoirudia. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo: haukuwa wa hasira, ulikuwa wa hofu. Alitazama jembe, akatazama shimo, akatazama kile kipande cha chungu mkononi mwangu.

"Mnafukia nini?" akauliza.

"Hatufukii, mjomba," mke wangu akasema. "Tunafukua."

"Mnafukua nini?"

Nilitaka kupiga makofi ya salamu, nikaona nimeshika chungu.

"Nilijua," mjomba akasema. "Nilijua ipo siku. Kila asubuhi mtu anapita hapa. Anashona kaptura za matarishi wa Boma. Akifika kwangu anasimama, anageuza gari lake lote, anatazama uani kwangu mpaka ndani. Wapita njia wote wakisalimu wanapita, huyu anageuka. Anatafuta nani? Wageni wangu wa mikutano amewahesabu wangapi?"

Wakati ule watu walikuwa wakikutana nyumba hadi nyumba kuzungumza mambo ya serikali, na Boma lilikuwa likitaka kujua ni nyumba zipi. Mimi sikujua kama mjomba alikuwa mmoja wao. Naapa sikujua. Lakini nilipomsikia, nilielewa "kushona tu" ilikuwa inauliza nini: kama napeleka habari zake Boma.

"Mjomba, nilikuwa nageuka kukuheshimu," nikasema.

"Heshima gani ya kugeuza gari?"

Kwenye kinu, upande wa jikoni, mke wake mjomba alikuwa akitwanga, akaacha ili asikie. Sasa akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameuegemea mchi, mpaka mjomba akamgeukia kwa ukali.

"Unacheka nini wewe?"

"Nacheka wanaume wawili wazima," akasema. "Mwanangu, wewe shimo hilo unalichimba mwenyewe. Kila asubuhi nakuona. Gurudumu hili linakwenda nyuma, hili linakwenda mbele, mchanga unaruka. Na sura unavyoikunja! Mimi nilidhani ndivyo gari linavyosalimu."

Kisha mjomba akasema: "Geuka nione."

Nilikamata magurudumu. Kwenye saruji kugeuka ni ufunguo kwenye mafuta. Hapa mchanga ulimeza matairi, nikalazimika kulivuta la kushoto nyuma kwa nguvu zote, kidole gumba kimebana pete, kifundo kimejikunja kama kitambaa kinachokamuliwa. Nikapiga ukelele kabla sijafika hata nusu.

"Mkono gani?" mjomba akauliza.

"Wa kushoto."

"Ndio unaovuta. Nyumba yangu iko kushoto." Akaitazama nyumba yake kama ndiyo yenye kosa. Kisha akachutama, jambo ambalo mtu wa umri wake hafanyi mbele ya mkwe, akashika gurudumu, akajaribu kulirudisha nyuma kwa mkono mmoja mchangani. Halikwenda. Akatumia miwili.

"Na hivi wewe unafanya kila siku?"

"Mara mbili, mjomba. Kugeuka kwako, na kugeuka kuondoka."

"Basi asigeuke," mke wangu akasema. "Apite tu, asalimu kwa mdomo."

Mjomba akasimama. "Apite? Mkwe wangu anipite amenipa ubavu, watu wanatazama? Watasema tumegombana. Watasema ni ile ngazi."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuitaja ngazi mbele yangu. Alipoitaja alinitazama moja kwa moja, nami nikamtazama. Sikuona kitu machoni mwake ambacho ningeweza kukiandika hapa kwa uhakika. Niliona mzee aliyechoka. Hata mkosaji huchoka, na asiye na kosa pia.

Aliokota tupa yake, akaondoka bila kuaga. Tulirudi nyumbani nikijua kwamba sasa nimeharibu kila kitu: mikono, kiti, na kukaa kwangu pale.

Asubuhi yake sikutaka kutoka. Mke wangu akasema ukikaa ndani leo ndipo watakapokuwa na la kusema. Nikavaa glavu. Njia nyoofu, sukuma kwa kirefu, mkono ushuke. Nilipokaribia nyumba ya mjomba nikaona mlango umefungwa na kigoda hakipo. Nikajisemea, amekwisha kunikataa, hata salamu yangu haitaki.

Nikaendelea. Na kule mbele, kwenye pindo, mahali njia inapogonga shamba la mihogo kabla ya kupinda, niliona kigoda, na juu ya kigoda mjomba, jembe mapajani. Amekaa katikati ya pindo hasa, ananielekea. Nami kwa kuwa njia ilinyooka moja kwa moja hadi kwake, nilikuwa namwelekea tangu mbali, bila kugeuza gurudumu hata kidogo. Nikaanza kupunguza mapema, kama Sista alivyosema, nikauachia mchanga wenyewe unizuie. Kiti kikafa polepole mbele ya miguu yake.

Nikavua glavu, nikapiga makofi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Na hizo ngozi mkononi usivue tena, zinakuchelewesha." Akatia tupa. "Gari limeamka?"

"Limeamka."

Hapo njia inapinda taratibu. Unaifuata tu, hugeuki. Nikapita.

Watu hawakukosa la kusema. Wengine walimwuliza mjomba kama amefungua duka njiani. Mmoja alisema Boma limemweka kutoza kodi ya magari. Mimi mwenyewe, niandike ukweli, nilipofika dukani nilikuwa nimekwisha kuwaza kwamba kwenye pindo lile mtu anaona pande zote mbili za njia, nani anakuja na nani anakwenda, na mtu mwenye wageni wa mikutano angependa sana kukaa hapo, akiwa na sababu nzuri ya kusema ikiwa ataulizwa. Huenda nilikuwa sababu yake. Huenda yalikuwa yote mawili. Sijawahi kuamua.

Mikono haikupona kwa siku moja. Nilipumzika siku za maumivu, niliiloweka katika karai kabla watoto hawajanawa, na wengine wote niliowakuta njiani niliwasalimu nikiendelea kwenda. Wakubwa wawili watatu walinung'unika. Mjomba aliwaambia, "Huyo nimemruhusu mimi," wakanyamaza, maana ikiwa mjomba mwenyewe hakulalamika wao ni nani.

Lori la mwezi ule nilipanda. Sista alinibonyeza vifundo kwa muda mrefu mno, nikadhani anatafuta kisingizio. Akaniambia nizunguke, nikazunguka. Akaniambia nigeuke, nikageuka.

"Ulikuwa unafanya nini nyumbani?" akauliza.

"Nilikuwa nasalimu, Sista."

Alinitazama, anipime kama namdhihaki. Kisha akaniachia mikono. "Basi salimu polepole," akasema. Kiti kikarudi nami juu ya lori. Yule mtu wa Lukuledi yupo kweli. Nilionyeshwa wodini siku ile ile, ameletwa kutoka kwao, akikitazama kiti changu kinavyotoka mlangoni. Nilimsalimu. Aliitikia, lakini macho yake hayakuwa kwangu.

Siku moja baada ya hapo, mikono imekwisha kupata nguvu na marinda ya kaptura yamenyooka tena, nilifika kwenye pindo nikakuta kigoda kitupu. Jembe limelala chini, tupa juu yake. Hakuna mtu. Nikasita. Kupita kigoda cha mkwe bila salamu? Na kama anaumwa? Na kama Boma limemchukua? Kabla sijawaza sawasawa mikono yangu ilikuwa imekwisha kukamata magurudumu kwa ghafla, vidole gumba vimebana, na kiti kinaanza kugeuka kuelekea nyumbani kwake.

Majani ya mihogo yakatikisika upande wa kulia.

"Nani kakwambia ugeuke?" sauti ya mjomba ikasema. Alikuwa amechutama humo, mahali pale pale mama mkwe anaponipishia, ananichungulia. "Nilitaka tu nione utafanyaje nisipokuwepo. Achia hayo magurudumu. Nenda ukashone."

Nikaachia, mikono ikashuka yenyewe, nikaenda.